Kadi ya grafiki iliyoflashiwa, hapo unanunua nini hasa?

Mwaka jana mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anayepiga na kuhariri video za harusi hapa Tanga, alinijia nyumbani Ngamiani na kompyuta yake kaipakata kwenye bodaboda, hata salamu haijaisha ananiambia kaka hii kadi inanitesa. Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex 7010 ya mnara, mtumba, ina Core i5-3470 na ramu giga 8, mashine ambayo wengi tunazo maofisini na majumbani manake ilitengenezwa kwa kazi na spea zake hazisumbui. Wazo lake lilikuwa zuri tu, badala ya kutafuta kompyuta mpya ya mamilioni achukue hii hii ya zamani aiongezee kadi ya grafiki ili kurenda, yaani kompyuta kuitoa video iliyokamilika, kuwe haraka. Akapata kadi kwa mtu, jina GTX 1050 Ti ya giga 4, laki moja na nusu, akaambiwa "hii imeflashiwa tu mkuu, ila iko fresh kabisa".

Haikuwa fresh. Video ya sendofu ilikuwa inarenda usiku kucha vilevile kama zamani, akijaribu kuweka draiva mpya, programu ya kuiendesha kadi, kutoka Nvidia wenye chipu za GTX, inakuja skrini ya bluu, na kwenye programu ya kuhariri ile sehemu ya kuchagua kadi ndo ifanye kazi ya kurenda wala haitokei.

Sasa hilo neno "imeflashiwa" ndo nataka tulifungue, manake nimeshakutana nalo likitumika kwa vitu vitatu ambavyo havina undugu. Kimoja ni cha kawaida na kinarekebishika kwa dakika kumi, kingine ni ujanja halali ambao mafundi wameufanya miaka na miaka, na kingine ni wizi. Muuzaji akikutamkia neno hilo moja bila kukwambia ni kipi kati ya hivyo bado hujaambiwa kitu, na pesa ibaki mfukoni kwanza.

Kuflashi wengi tunakujua kwa simu. Simu imeganda kwenye logo, unampelekea fundi, anaiingizia programu upya inaamka. Kwenye kadi ya grafiki mambo ni hayo hayo ila padogo zaidi. Ukiiangalia kadi vizuri utaona kuna chipu nyeusi ya miguu minane, ndogo kuliko punje ya mahindi, na ndani yake kuna faili ambalo mi ntaliita baiosi ya kadi. Kwenye kadi nyingi za Radeon RX 400 na RX 500, za kampuni ya AMD, faili hilo ni kilobaiti 256 tu, picha moja ya simu yako inalizidi mara kadhaa. Lakini hilo hilo ndo linaloiamsha kadi ukiwasha mashine, ndo linaiambia chipu kubwa ikimbie spidi gani na itumie volti ngapi, memori iliyobandikwa ni ya kampuni gani na isubiriwe kiasi gani kati ya tendo na tendo, feni zikaze joto likifika wapi, mwisho wa umeme ni wati ngapi, matundu ya nyuma ni yapi, na kadi yenyewe inaitwa nani.

Hapo kwenye jina ndo pana shida. Windows haina macho. Haiwezi kufungua hitisinki, lile bati la kupoozea, ikachungulia chipu, inachofanya ni kusoma kilichoandikwa halafu inakuonyesha na wewe. Wote tunazijua zile memori kadi za simu zinazouzwa zimeandikwa giga 64, ukiichomeka simu nayo inakwambia giga 64, unaweka nyimbo na picha, zikifika giga 4 mafaili yanaanza kuharibika. Simu haikukudanganya makusudi, nayo ilidanganywa. Kadi ya grafiki ni hivyo hivyo.

Nilipoichomoa kadi ya dogo kitu cha kwanza kilichonishtua ni tundu la VGA pale nyuma, lile la bluu la pini 15. Kadi za Nvidia za kizazi cha GTX 10, ambacho 1050 Ti imo na ilitoka Oktoba 2016, hazitoi picha ya analogi kabisa, hiyo njia waliiondoa kwenye chipu. Kwahiyo ukiona VGA kwenye kitu kinachojiita 1050 Ti simama kwanza. Nikaweka GPU-Z, programu ya bure na ndogo tu ya TechPowerUp, ambayo tangu 2018 imefundishwa kuzitambua kadi za namna hii na inaandika neno FAKE mbele ya jina. Ikaandika. Tukafungua hitisinki, tukafuta ile pesti iliyokauka, juu ya chipu pameandikwa GF106. Chipu ya 1050 Ti halisi inaandikwa GP107. Hiyo GF106 ndo iliyokuwa kwenye GTS 450, kadi ya mwaka 2010, na ina viini 192 vya kupiga hesabu wakati 1050 Ti ina 768.

Ukishajua hilo kila kilichokuwa kinamsumbua kinaelezeka. Sehemu ya kwenye chipu inayorenda video kwa haraka, ile Nvidia wanaiita NVENC, ilianza kuwekwa kwenye kadi za kizazi cha Kepler mwaka 2012, sasa chipu ya 2010 itaitoa wapi, ndo maana programu yake ya kuhariri haikuwa na cha kumwonyesha. Skrini ya bluu nayo ni hivyo hivyo, draiva inasoma jina 1050 Ti, inaanza kuiongelesha chipu kwa lugha ya Pascal, kizazi cha 1050 Ti, chipu ni ya Fermi, kizazi cha 2010, haielewi kitu, mashine inaanguka. Kadi nyingi za namna hii huja na sidii yake ya draiva iliyochezewa na muuzaji anakusisitiza usiweke nyingine, ukisikia sharti hilo jua kuna sababu. Na giga 4 zinazosomeka mara nyingi ni giga 1, gemu au video ikizidi hapo picha inaanza kuchanika rangi au programu inajifunga yenyewe.

Kwahiyo hiyo ndo flashi ya wizi. Kuflashi kunabadilisha maagizo, shaba na silikoni iliyoko pale chini inabaki ilivyotoka kiwandani, ukiipa chipu ya viini 192 jina la chipu ya viini 768 haitaota vingine. Dogo alirudi kwa aliyemuuzia, simu ikawa haipatikani.

Kuna aina laini zaidi ya udanganyifu huu ambayo inawapata hata watu wanaojua mambo. RX 570 na RX 580 zote za AMD zilitoka Aprili 2017 na zinatumia chipu moja, tofauti yake kubwa ni kwamba 570 imefunguliwa viini 2048 na 580 viini 2304. Mtu anachukua 570 anaipandishia baiosi ya 580, inawaka, inafanya kazi, jina linasomeka RX 580, ila viini bado 2048. Kuchanganya zaidi, AMD wenyewe Oktoba 2018 walitoa kwenye soko la China kadi inaitwa RX 580 2048SP, ambayo kiukweli ni 570 yenye jina la kaka yake. Sio kadi mbovu hata kidogo, ila bei yake inatakiwa iwe ya 570. Kwenye GPU-Z angalia mstari wa Shaders, namba iliyopo pale ndo kadi uliyonunua, jina la juu achana nalo.

Halafu kuna flashi ya pili, ya wachimbaji, na hii ndo nyingi zaidi kwenye kadi za mtumba zinazotufikia. Kabla ya tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilikuwa inachimbwa, yaani inapatikana kwa kupiga hesabu, kwa kadi za grafiki, watu wanafunga kadi sita au nane kwenye fremu moja zinapiga hesabu mchana na usiku. Siku hiyo Ethereum ikabadili mfumo wake, uchimbaji ukafa kwa mkupuo, na kadi zikamwagwa sokoni dunia nzima. Zile za giga 4 zilianza kumwagwa hata mapema zaidi, manake faili ambalo mchimbaji alitakiwa alishikilie kwenye memori lilikuwa linakua kila baada ya muda na mwishoni mwa 2020 likazidi giga 4.

Wachimbaji walizipenda mno RX 470, 480, 570 na 580, na walikuwa wanazibadilisha baiosi. Kwa nini? Kwa sababu uchimbaji wa Ethereum ulikuwa unategemea memori kuliko chipu. Chukulia watu wamepanga mstari wanapokezana ndoo za maji kuzima moto. Kila mmoja akishapokea anahitaji kasekunde ka kuikamata vizuri ndo amgeukie mwenzake, ukimrushia nyingine kabla hajakaa sawa maji yanamwagika. Memori ya kadi ni hivyo, kila baada ya tendo kuna muda wa kusubiri, na kiwanda kinaandika kwenye baiosi jedwali zima, spidi hii subiri hivi, spidi ile subiri vile, na kadri spidi inavyopanda ndo subira inavyoongezwa ili pasimwagike kitu. Mchimbaji alichokuwa anafanya ni kuchukua mstari wa subira fupi, tuseme wa megahezi 1500, anaukopi anaubandika kwenye 1750 na 2000. Spidi kubwa subira fupi. Kadi iliyokuwa inachimba kama 22 au 24 kwa kipimo chao inafika 29 au 30 hivi. Hapo hapo anashusha spidi ya chipu kubwa na volti zake ili ale umeme kidogo, manake faida yake yote ipo kwenye bili.

Kwa uchimbaji hiyo ni sawa, kwa gemu na video ni matatizo. Chipu imefungwa breki kwahiyo kadi inakuwa nzito kuliko inavyotakiwa, na memori inayopokezana ndoo kwa haraka hivyo huwa inamwaga, unaona vidoti vya rangi kwenye skrini, gemu inaganda, video inatoka na mistari. Mtu anasema kadi imekufa. Haijafa! Irudishie baiosi yake ya kiwandani na mara nyingi sana inarudi mzima. Mi ndo maana nawaambia watu kadi iliyotoka kwenye uchimbaji isikutishe, kitu kinachosumbua zaidi ni feni zilizozunguka miaka bila kupumzika, pesti iliyokuwa jiwe na zile pedi za joto zinazokaa juu ya memori. Hivyo vyote vinabadilishika. Hapa kwetu ongeza na hewa ya bahari, chumvi na unyevu vinaota ukungu kwenye meno ya dhahabu ya kadi, futa taratibu kwa kifutio cha penseli halafu pitisha spiriti safi, nimeshaamsha kadi mbili kwa hilo peke yake.

Flashi ya tatu ni ile halali na mi binafsi ndo naipenda, kwa sababu inaonyesha kumbe mara nyingine kadi inakuja na zaidi ya ulicholipia. Kiwanda kinatengeneza chipu nyingi, baadhi zinatoka na viini vibovu, hivyo vinafungwa na chipu inauzwa kwa jina la chini. Ila kama za jina la chini zinatakiwa nyingi kuliko mbovu zilizopo, wanafunga na nzima. Ni nyumba ya vyumba sita mwenye nyumba kafunga viwili kwa kufuli, vyumba vipo. Mwishoni mwa 2010 watu waligundua Radeon HD 6950 ukiipandishia baiosi ya HD 6970 viini vinatoka 1408 vinakuwa 1536, na vinafanya kazi kweli. Mwaka 2016 ikatokea tena kwa RX 460, kutoka 896 hadi 1024, na mwaka huo huo baadhi ya RX 480 za mwanzo zilizouzwa kama giga 4 zilikuwa zimebandikwa memori ya giga 8, baiosi tu ndo ilikuwa imeficha nusu. Tofauti na ule wizi wa 1050 Ti ni kwamba hapa kitu kilikuwepo pale chini kimefungwa. Nvidia wao kuanzia kizazi cha GTX 10 waliweka sahihi ya kidijitali, baiosi iliyochezewa kadi inaikataa, na AMD wakafuata kuanzia Vega, kwahiyo maujanja haya sa hivi ni ya kadi za zamani. Kuna na wenye Mac Pro za 2009 hadi 2012, wao wanaflashi kadi ya kompyuta za kawaida ili iwe na maagizo ya Apple, bila hivyo skrini inabaki nyeusi mpaka mfumo umalize kuwaka.

Turudi kwa dogo. Tulimtafutia RX 570 ya giga 4 iliyotoka Dar, mwenye nayo akatwambia wazi ilichimba na imeflashiwa, na kwa sababu alisema ukweli tukaelewana bei. Lakini kabla haijachomekwa kwenye ile Dell kuna mambo ambayo mashine ya zamani inadai, na hapa ndo watu wengi wanaungulia.

La kwanza umeme. Pawa saplai iliyokuja na 7010 ya mnara ni wati 275 na haina ile plagi ya pini 6 au 8 ya kadi ya grafiki. Sloti ya kwenye mazabodi inatoa mwisho wati 75. RX 570 inataka kama 150. Hiyo nyingine itatoka wapi? Mafundi wanakuuzia adapta inayochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya hadidisiki, na kuupeleka kwenye kadi. Naomba unielewe hapa, usifanye hivyo. Plagi ya SATA kwenye njia ya volti 12 imetengenezwa kubeba ampia 4.5, yaani wati 54, wakati plagi ya pini 6 ina ruhusa ya kudai 75 na ya pini 8 inadai 150. Plastiki inayeyuka, nimeiona ikiyeyuka, na kompyuta iko kwenye chumba ambacho watoto wanalala. Tulinunua pawa saplai nyingine ya wati 500 yenye plagi zake kamili, kwenye 7010 ya mnara inaingia bila shida manake inatumia plagi ya kawaida ya pini 24. Kama yako ni 3020, 7020 au 9020, hizo Dell waliweka plagi ya pini 8 kwenye mazabodi, utahitaji waya wa kubadilishia. Na kama yako ni ile nyembamba inayolala, sahau RX 570, tafuta kadi fupi isiyo na plagi ya umeme kabisa.

Tena nilimwambia kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwambia. Hiyo i5-3470 yake ina grafiki ya ndani ya Intel na ndani yake kuna Quick Sync, sehemu ya kurenda video, sasa alivyochomeka ile kadi feki grafiki ya ndani ikajizima, kwahiyo alilipa laki na nusu akapoteza hata alichokuwa nacho. Kabla hujanunua kadi yoyote kwa ajili ya video ijaribu hiyo kwanza, ni bure na iko kwenye mashine yako.

La pili ni jinsi kompyuta inavyoiamsha kadi. Mashine za zamani zinawaka kwa mtindo wa baiosi wa kizamani, mpya zinawaka kwa UEFI, na baiosi ya kadi inatakiwa iwe na maagizo ya mtindo unaotumia. Kuna watu wakati wa kuflashi wanaweka faili la zamani lisilo na upande wa UEFI, ukichomeka kwenye mashine iliyowekwa UEFI tupu unapata skrini nyeusi, unadhani kadi imekufa. Kwenye GPU-Z kuna kiboksi kimeandikwa UEFI, angalia kama kina tiki. Hii 7010 inaweza mitindo yote miwili kwahiyo haikutusumbua.

La tatu ndo lililotupata. Kadi ikawaka, picha ipo, tukaweka draiva ya AMD, kwenye orodha ya vifaa ikatokea pembetatu ya njano na kodi namba 43. Sababu yake ni kwamba draiva ya AMD ikiwa Windows inakagua sahihi ya baiosi ya kadi, ikikuta imechezewa inagoma. Kuna programu ndogo ya kuilazimisha draiva ikubali na wachimbaji walikuwa wanaitumia, ila mi siishauri kwa mtu wa kazi, manake umeficha dalili na memori bado inamwaga maji, af kila ukisasisha draiva unaanza upya. Rudisha baiosi ya kiwandani.

Na kurudisha kwenyewe sio kugumu ukiwa na subira. Kwanza kabisa, hata kama baiosi iliyopo ni mbovu, ihifadhi. Kwenye GPU-Z pembeni ya namba ya baiosi kuna kamshale, bonyeza, faili linakuja, tuliliweka kwenye kompyuta na kwenye flashi ya USB pembeni. Halafu tazama kadi ukingoni kama ina kaswichi kadogo, nyingi za Radeon zina baiosi mbili na mchimbaji mvivu alibadilisha moja tu, unazima mashine, unasukuma swichi, unawasha, unakuta ya kiwandani imekaa inakusubiri. Yetu haikuwa na swichi. Kwahiyo tukasoma stika ya nyuma tukajua ni modeli gani hasa, tukasoma kwenye GPU-Z memori ni ya nani, ya kwetu ilikuwa Hynix, halafu tukaingia kwenye hazina ya baiosi ya TechPowerUp tukatafuta ya modeli ile ile, giga ile ile, yenye Hynix kwenye orodha yake. Hapo kwenye memori usikurupuke, lile jedwali la subira nililolieleza limeandikwa kwa kila kampuni na lake, Samsung, Hynix, Micron na Elpida hazifanani, ukiweka ya Samsung tupu kwenye kadi ya Hynix unarudi kwenye vidoti.

Kuandika tulitumia AMDVBFlash, inachukua chini ya dakika moja. Dakika hiyo ndo ya kushika roho. Umeme wetu unajulikana, ukikatika faili likiwa nusu, kadi haiamki tena kwa njia ya kawaida, kwahiyo tulisubiri asubuhi ya Jumapili umeme ulipotulia na tukaazima yupiesi ya jirani. Na hata ikitokea ikakwama bado si mwisho. Unaingia kwenye seting za mashine unaiwekea iwake na grafiki ya ndani, kadi ikiwa imekaa pale pale unaiandikia tena. Ikishindikana kabisa kuna kifaa kinaitwa CH341A, bei yake ndogo, kina klipu inayobana ile chipu ya miguu minane na unaiandika moja kwa moja toka kompyuta nyingine. Hakikisha tu chipu yako inakula volti ngapi, za kadi hizi za RX nyingi ni 3.3, kadi mpya zaidi zinakuja na chipu za 1.8 na ukizipa 3.3 umezichoma.

Tukazima, tukawasha. Kodi 43 imepotea, draiva ikakaa yenyewe, spidi ya chipu ikarudi megahezi 1244 za kiwandani na memori 1750. Sikumwachia aondoke siku hiyo. Tuliiacha ifanye kazi nzito saa mbili nzima huku HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, imefunguliwa, humo kuna mstari unahesabu makosa ya memori ya kadi, na kwenye kadi nzima unatakiwa ubaki sifuri. Ulibaki sifuri. Joto lilipanda mno dakika ya ishirini, tukasimamisha, tukafungua, pesti mpya, pedi mpya, tukarudia, ikatulia.

Sendofu ile ile iliyokuwa inalala usiku kucha saivi anaiweka akaenda kunywa chai anarudi imeisha. Prosesa bado ni ile ya viini vinne ya mwaka 2012 kwahiyo akipanga video tano juu ya tano inaugua, hiyo kadi haitibu, na nilimwambia mapema.

Kabla ya kufunga mfuniko tulichukua kipande cha gundi ya karatasi tukaandika kwa kalamu: RX 570 giga 4, viini 2048, memori Hynix, ilichimba, baiosi ya kiwandani imerudishwa, faili la zamani liko kwenye flashi nyeusi. Tukakibandika ndani ya boksi la kompyuta, pembeni ya feni, akija kuiuza mnunuzi akisome mwenyewe.